Kibubu chenye jina hakitoshi, kinataka tarehe

Ukitoka Kabwe ukaelekea Mwanjelwa siku hizi, au ukiwa Iringa ukapita pale Mashine Tatu, utakutana na vibubu vya mbao vimepangwa chini pembeni ya barabara, na sio vile vya zamani vya kopo lenye tundu, hivi vina majina. Kimoja kimeandikwa Ada, kingine Kiwanja, kingine Kodi, kingine Mtoto Wangu, na vingine vina namba nyingi usoni ambazo unazikata moja moja kila ukidumbukiza hela mpaka ziishe. Kwenye simu nako hivyohivyo, watu wanapiga picha bahasha zao wanaweka stetasi, kuna huduma za kibenki zinakuruhusu ufungue lengo na ulibandike jina unalotaka, na kila mwenye bando ana somo la namna ya kugawa mshahara. Ubishi umeshakuwa mkubwa, upande mmoja wanasema hii ndiyo dawa yenyewe, mtu akigawa hela yake hafilisiki, upande mwingine wanasema ni utoto, hela ni hela tu, ukiiandika jina haiongezeki hata shilingi. Nimewasikiliza wote na naona wote wanabishania kitu ambacho sio chenyewe.

Niseme mapema ninachoamini. Kugawa hela kwenye mafungu yenye majina kunasaidia kweli, ila hakusaidii kwa sababu tunazoambiwa. Wanaotufundisha wanasema ni suala la nidhamu, kwamba jina linakukumbusha malengo yako alafu unajibana. Mimi naona jina peke yake ni wino. Kinachofanya kazi ni mambo mawili yanayokuja na jina kama umelifanya sawasawa, la kwanza ni tarehe, yaani hela hii ni ya mwezi gani, na la pili ni shahidi, yaani nani mwingine anajua kwamba hii hela ina kazi. Fungu lisilo na tarehe wala shahidi ni hela ya kula iliyovaa nguo nzuri. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hili linatuhusu kuliko linavyomhusu mfanyakazi wa Dar, kwa sababu wengi wetu huku hela haiji kila mwisho wa mwezi, inakuja kwa msimu, na ikija inakuja yote kwa mpigo.

Kabla sijaenda mbali, kuna hoja moja inarudiwa sana na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwamba haya mambo ya kugawa hela ni ya Wazungu, tumeyaokota mtandaoni. Mtu anayesema hivi naomba akumbuke jikoni kwa bibi yake. Mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya moto na maganda yake, yanapigwa moshi wadudu wasiyaguse, wakati mahindi ya kula yako kwenye kihenge. Yale yalikuwa mahindi yaleyale, shamba lilelile, ladha ileile ukiyachemsha. Lakini mwezi wa kumi njaa ikibana, kihenge kimebaki vumbi, hakuna mtoto aliyethubutu kunyanyua mkono kuchomoa gunzi pale juu, mana kila mtu ndani ya nyumba alijua yale ni ya mvua ya kwanza. Ona kilichokuwepo pale, fungu lilikuwa na jina, lilikuwa na tarehe, na lilining'inizwa mahali ambapo nyumba nzima inaliona. Huo mgawanyo ni wa zamani kuliko benki yoyote iliyopo Mbeya.

Vikoba navyo ni hivyohivyo. Aliyewahi kukaa kwenye kikoba cha sanduku anajua lile sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na ndani hela hazichanganywi, hisa ziko kwenye mfuko wake na mfuko wa jamii uko kwenye mfuko wake, huo wa jamii ni wa msiba, ugonjwa, mtu kuunguliwa nyumba. Kila kikao zinahesabiwa mbele ya watu na kila mwanachama anatakiwa kukumbuka kiasi kilichobaki. Akina mama wa Uyole na Ilula hawakusubiri mtu wa mtandaoni awafundishe kwamba hela ya msiba isikae na hela ya mkopo. Kwahiyo hoja ya ugeni tuiweke pembeni, haina miguu.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo naona faida kubwa ya mafungu ambayo haisemwi. Chukua kaya moja ya Igurusi, mfano tu, imeuza mpunga mwezi wa saba na imeshika milioni 2 mkononi. Ukiitazama milioni 2 kwa macho unaona utajiri, na kusema kweli kwa siku hiyo ni utajiri. Lakini ile hela ina kazi zinazoisubiri. Mbolea na mbegu mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili tuseme 450,000. Kulima na vibarua 300,000. Januari watoto, hata kama shule za serikali hazina ada tangu 2016 kuna sare, madaftari, michango, na kama kuna mmoja yuko bweni kuna nauli na vifaa vyake, weka 350,000. Dharura 200,000, na hapo tumejibana. Jumla imeshafika milioni 1 na laki 3. Inabaki laki 7, na hiyo laki 7 ndiyo ya kula, sabuni, chumvi, vocha na kanisani kuanzia Agosti mpaka Mei, miezi kumi. Gawanya, ni 70,000 kwa mwezi.

Hebu itazame tena hiyo namba. Mtu aliyeamka asubuhi na milioni 2 anatakiwa kuishi kama mtu wa elfu sabini kwa mwezi, na hakuna mahali popote ambapo hela yenyewe imemwambia hivyo. Noti hazisemi. Mwezi wa saba na wa nane huku kwetu ndio miezi ya harusi, ya kununua pikipiki, ya redio mpya, ya nyama, na sio kwamba watu wana akili mbovu kama wanavyosemwa, ni kwamba wanaamua matumizi yao kwa kutazama rundo, na rundo linasema uongo. Ukishaligawa kwa miezi, rundo linapotea na mapato yako halisi yanaonekana. Hii kwangu ndiyo kazi ya kwanza ya fungu na ni tofauti kabisa na kujibana, ni kujua tu una kiasi gani. Wapo watu wengi ambao wakishaijua hiyo namba 70,000 hawahitaji mahubiri yoyote ya nidhamu.

Ndio maana ile kanuni ya asilimia 50, 30 na 20 inayozungushwa kila siku, nusu mahitaji, thelathini ya kujifurahisha, ishirini akiba, inanisumbua. Sisemi ni mbaya, mwalimu wa sekondari pale Iringa mjini anaweza kuitumia na ikamfaa, mshahara wake unaingia tarehe zilezile. Lakini kanuni ile imejengwa juu ya mwezi. Mkulima wa viazi wa Isyonje hana mwezi, ana mavuno. Mwenye parachichi Rungwe au Njombe ana kipindi cha kuvuna alafu ana kimya kirefu. Mwenye shamba la miti Mufindi anaweza kukaa miaka mingi ndio auze. Ukimwambia huyu aweke asilimia 20 ya akiba umemwambia kwamba asilimia 80 ni ya matumizi, wakati kwenye mfano wetu wa Igurusi asilimia 65 ya hela ilikuwa na kazi za baadaye hata kabla mtu hajafikiria kitu kinaitwa akiba. Kwa mtu wa msimu, mgawanyo wa kwanza unatakiwa uwe wa kalenda, majina yanafuata.

Kwa wafanyabiashara wadogo kalenda yao ni fupi, na hapa kuna fungu moja tu ambalo nikiambiwa nichague moja ningelichagua hilo, nalo ni mtaji. Mama lishe pale Mafiati akiuza chakula cha 80,000 kwa siku, kama mchele, maharage, mafuta, nyanya na mkaa wa kesho ni 58,000, basi yake ni 22,000 na hapo bado hajamlipa binti anayemsaidia. Jioni mtoto akija na karatasi ya mchango shuleni, shemeji akija na shida, mama huyu kwapani ana 80,000, sio 22,000. Akitoa 30,000 anajiona amebaki na hela nyingi tu. Kesho yake alfajiri anaenda kukopa mchele kwa bei ya mkopo. Sisi tunaita kula mtaji, na mitaji mingi pale sokoni imekufa hivyo, hasara ya kibiashara haijawahi kuwepo, biashara ilikuwa inalipa. Fungu la mtaji lina tarehe iliyo karibu kuliko mafungu yote, kesho saa kumi na moja alfajiri, na ndio maana mama mwenye akili anainunua bidhaa ya kesho jioni ileile kabla hajafika nyumbani, hela inageuka mchele, na mchele hauombwi na shemeji.

Mama yangu mzazi aliuza ndizi Tukuyu kwa miaka mingi na alifanya hivyohivyo, akimaliza kuuza anawalipa kabisa wenye migomba hela ya mikungu ya Alhamisi, tulikuwa tunamuona mgumu. Nimeshamuelewa.

Turudi kwa wanaopinga, kwa sababu wana hoja moja nzito na inastahili heshima. Wanasema hela haina jina. Shilingi elfu kumi ya ada na elfu kumi ya harusi zinanunua kilekile, kwahiyo kuzitenga ni kujidanganya. Huyu Mmarekani Richard Thaler, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, sehemu ya kazi yake ni hii hii, ameandika tangu miaka ya themanini kuonyesha kwamba binadamu tunahesabu hela kwa mafungu kichwani na mara nyingine mafungu hayo yanatuingiza hasara. Mfano wa huku kwetu upo na unauma. Mtu ana laki 3 kwenye kibubu cha Ada tangu mwezi wa saba, anaisubiri Januari. Mwezi wa nane anapata shida ya laki 2, hagusi kibubu, anaenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani, kwa riba tuseme asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi analipa 40,000 ya riba tu, Septemba mpaka Januari miezi mitano, ni laki 2 imeondoka na deni lenyewe bado limekaa palepale. Kibubu kimetunzwa vizuri, mwenye kibubu amekwisha.

Hapa sibishi na mtu. Kama una deni la riba ya mtaani, fungu lako la kwanza na la pili na la tatu ni kulipa deni hilo, na ukiwa na hela yoyote iliyotengwa ambayo tarehe yake iko mbali ivunje ukalipe. Lakini nisikilizeni kwa nini watu wanafanya vile, mana sio ujinga. Mtu anakopa badala ya kuvunja kibubu kwa sababu anajijua, anajua mkopeshaji atamfuata mpaka mlangoni na deni litalipwa, ila kibubu akikivunja hakuna atakayemfuata akirudishe. Deni lina tarehe na lina mtu. Kibubu chake kilikuwa na jina tu. Kwahiyo hata hoja nzito ya wapinzani ukiifuata mpaka mwisho inarudi palepale ninaposema mimi, tatizo sio kwamba aligawa, tatizo ni kwamba fungu halikuwa na nguvu sawa na deni. Kikoba kikimkopesha mtu huyo laki 2 kwa riba ya kibinadamu, na kikamdai, anatoka salama na ada ya mtoto ipo.

Hoja ya makato nayo ni ya kweli ila ni ndogo. Kila ukihamisha hela kutoka laini moja kwenda nyingine au kutoka benki kuja kwenye simu kuna kitu kinakatwa, na mtu mwenye mafungu kumi yaliyotawanyika kwenye laini tatu anaweza kula makato mpaka akashangaa, tunakumbuka wote mwaka 2021 tozo za miamala zilivyotufanya turudi kuweka noti chini ya godoro. Jibu lake ni mafungu machache. Wengine wanaleta mfumuko wa bei, kwamba hela ikikaa inaoza. Kwa miaka ya karibuni mfumuko wetu umekuwa unazunguka asilimia 3 kwa mwaka, kwahiyo ile 450,000 ya mbolea ikikaa miezi minne inapoteza kama 4,500, ni hela lakini haiui mtu. Fungu la kiwanja la miaka mitatu hilo ni jambo lingine, hilo lisikae kwenye mbao, lipeleke kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS au akaunti ya muda maalumu. Na kuhusu mbao yenyewe, mwaka 2017 soko la SIDO pale Mwanjelwa liliungua usiku, hela inayolala kwenye kibanda cha mbao inalala na hatari, hii sio nadharia kwetu.

Kuna wanaosema maskini hana cha kugawa, mwambieni aongeze kipato kwanza. Nakubali nusu. Kibarua wa Mbalizi anayelipwa buku saba na ana watoto wanne, ukimpelekea bahasha sita umemtukana. Lakini nusu nyingine nakataa, kwa sababu hata mwenye kipato kidogo huku kwetu kipato chake kina mawimbi, kipindi cha kupalilia na kuvuna vibarua vipo, kipindi kingine hamna, na mwenye mawimbi ndiye anayehitaji kutenga kuliko mwenye maji tulivu. Hahitaji bahasha sita, anahitaji moja.

Sasa swali gumu, kufuli iwe kali kiasi gani? Wengi wanadhani fungu zuri ni lile usiloweza kulifungua kabisa, ndio maana vibubu vinauzwa vikiwa vimegongelewa misumari. Kuna utafiti mmoja naupenda, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, ulitoka mwaka 2013 na ulifanyika magharibi mwa Kenya kwa watu walioko kwenye vikundi vya kuchangiana kama vyetu. Watu wengine walipewa sanduku la hela la afya na ufunguo wao wenyewe, wengine wakapewa sanduku lilelile lakini ufunguo anakaa nao mtu wa mradi. Waliobaki na ufunguo wao waliongeza akiba yao ya afya kwa takriban asilimia 66, kwa kuwa tu na mahali salama penye kazi maalumu. La ufunguo wa mbali halikufanya vizuri kwenye mambo ya kujikinga, mfano kununua chandarua, kwa sababu watu waliogopa kuingiza hela sehemu ambayo wakipata shida kubwa leo hawataifikia. Kuifunga hela kwa lengo maalumu kulisaidia sehemu mbili, kwa hela ya dharura, na kwa watu wanaoombwaombwa sana na ndugu na marafiki.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Tunazungumzia bajeti kama vita kati ya mtu na tamaa zake, na kwenye vitabu vya nchi za mbali labda ni hivyo, lakini huku kwetu vita kubwa ni kati ya mtu na upendo wake. Kaka anaumwa, shangazi ana msiba, mtoto wa mjomba amefaulu, na wewe umeuza mahindi kijiji kizima kimeona fuso likipakia mlangoni kwako. Hutaki kuwa mchoyo na hutakiwi kuwa mchoyo, siku moja ni wewe utapiga simu. Ukiwa na rundo lisilo na jina huna la kujibu, ukisema sina umedanganya na wanajua. Ukiwa na fungu la mbolea ambalo mke anajua, kaka mkubwa anajua, unaweza kusema kaka, hela iliyopo ni ya mbolea, kwenye ya dharura kuna elfu hamsini chukua hiyo. Hujadanganya na hujamfukuza. Jina limekupa sentensi ya kusema, na fungu la dharura limekupa kitu cha kutoa, na ndio maana nasema kuwa na mafungu ya malengo bila fungu la kusaidia ndugu ni plani iliyokufa tangu siku ya kwanza, ndugu watakuja tu, kwahiyo watengee.

Na shahidi wa kwanza awe wa ndani ya nyumba. Najua wapo wanaotumia mafungu kufichana, mke ana laini yake ya siri, mume ana kibubu ghetto kwa rafiki, na simlaumu mwanamke aliyejifunza kuficha baada ya kuona mavuno mawili yanaishia asipopajua. Lakini fungu la siri halina shahidi, likiliwa hakuna anayeuliza, na likigundulika linavunja zaidi ya hela. Mwaka juzi nilikuwa na malengo manane kwenye simu, kila moja na jina lake zuri, hakuna aliyeyajua zaidi yangu, nikayahamisha moja baada ya jingine usiku nikiwa kitandani, kila uhamisho sekunde chache, kufika mwezi wa kumi yalikuwa yamebaki majina. Mwaka jana tulibaki na matatu tu mimi na mwenzangu, tukayaandika kwenye kalenda ya ukutani na miezi yake, na yalifika.

Kama niko sahihi kwenye hili la tarehe na shahidi, basi kuna mambo ya kubadilisha ambayo ni makubwa kuliko kununua kibubu. La kwanza liko mikononi mwa vikoba vyenyewe. Vikundi vingi huku vinavunja Desemba, watu wanagawana kabla ya sikukuu, na kwa Januari ya shule inasaidia. Lakini mbolea ya kupandia inatakiwa ardhini mvua zikianza, Novemba mwishoni kuelekea Desemba, kwahiyo hela ya kikoba inafika mkulima ameshapanda bila DAP au ameshakopa. Kikundi cha wakulima kingeweza kuvunja nusu mwishoni mwa Oktoba na nusu nyingine Januari mwanzoni, ni uamuzi wa kikao kimoja tu wa kubadili katiba, na sherehe ya Desemba ikapita ikiwa haina rundo la kuteketeza.

La pili linawahusu wanaonunua mazao yetu na wanaosambaza pembejeo. Kenya tena, Esther Duflo, Michael Kremer na huyohuyo Robinson walionyesha kwenye utafiti uliotoka 2011 kwamba wakulima wa Busia wakifuatwa mara tu baada ya mavuno, wakapewa nafasi ya kununua mbolea wakati huohuo na kupelekewa bure, matumizi ya mbolea yanapanda karibu sawa na kuwapunguzia bei kwa nusu wakati wa kupanda. Bei haikuwa ndio kikwazo kikubwa, kikwazo kilikuwa ni miezi katikati. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, wakulima wa tumbaku waliofunguliwa akaunti na malipo yao ya tumbaku yakaingia humo moja kwa moja walitumia pembejeo nyingi zaidi msimu uliofuata. Serikali yetu imeweka ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/2023 na ni jambo jema, nimeona tofauti vijijini, lakini ruzuku inamkuta mkulima Novemba akiwa hana hata hiyo sehemu anayotakiwa kulipa mwenyewe.

Kwahiyo ningependa kuona kwenye AMCOS za kahawa za Mbozi, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kwenye vituo vya kununua mahindi Makambako na Vwawa, siku ya malipo mkulima anaulizwa swali moja, hela yako yote tuitume leo, au kuna sehemu tuishikilie kama mbolea mpaka Oktoba? Asilazimishwe, tuna historia mbaya ya makato ya lazima kwenye ushirika na watu wana haki ya kuogopa, na utafiti wa yale masanduku umetuonyesha kufuli ya mtu mwingine inawafukuza watu. Achague mwenyewe kiasi, aweze kuitoa akipata shida kwa kufika na mwenza wake kusaini, na risiti iandikwe idadi ya mifuko badala ya shilingi. Mwezi wa saba kijiji kizima kinajua amelipwa, na akija mtu jioni ana risiti ya mifuko sita ya Urea na DAP ya kumuonyesha, pamoja na hela ya soda na nauli ya kurudi.